Nilitaka Ngozi ya Ngombe

Wapendwa wa likelemba yetu ya kuchangiana pesa, muangalie kwanza huu mukono. Haupande kupita bega. Leo tuko naulizana kama Leta, ni kusema serikali, ikataze watu wadogo kama siye kutia makuta mu ile mifuko ya hatari, ya faida kubwa. Wengine wanasema ikataze, wengine wanasema makuta ni yetu. Mbele ya kutoa mawazo yangu, acha niwaeleze vile huu mukono ulipata kilema.

Mimi ni mutoto wa Bogoro, kwetu ni watu wa ngombe. Kama huna malisho, unapeleka ngombe wako kwa rafiki, anakuchungia. Akizaa, munagawana. Akikufa, rafiki hapana kuja na maneno tupu, anakuja na ngozi. Ukiona ngozi, unajua hakuuza, hakukula kwa siri. Munalia pamoja, kesi inaisha.

Vita ilitufikisha hapa Bunia na ngombe mumoja tu. Basi jirani yangu, kijana wa shati nyeupe, alikuwa anakusanya makuta ya mufuko mumoja wa kununua zahabu.

"Mama, hii ni sawa na kuchungisha ngombe," aliniambia. "Makuta inazaa kule, weye unakunywa maziwa hapa."

Eh, pale njo alinishika! Niliuza ngombe, nikatia yote. Kwanza maziwa ilikuja kweli. Nilinunua hata kiti ya plastiki, nikaketi kama shefu. Kisha biro ya ule mufuko ikafungwa, simu ikanyamaza.

Asubuhi moja tulijaa mbele ya nyumba ya yule kijana. Hakukuwa mukristo pale, ndugu zangu, nawaambia. Mawe ilivunja madirisha. Walimuvuta inje, wakamupiga fimbo mpaka jino ikaanguka. Na mimi nilimupiga kofi, na nilisikia utamu. Alikuwa analia: "Hata ya kwangu imepotea! Hata ya mama yangu!" Nani alimusikia? Nikapandisha sauti: "Ngozi! Atuonyeshe ngozi!"

Muko naelewa? Nilitaka alama kama ile makuta ilikufa kweli. Lakini pale hapakuwa watu wa ngombe peke yao. Kulikuwa wachimbaji, wamotari wa pikipiki, wauza samaki. Wote wakaitika: "Ngozi! Ngozi!" Nikafurahi, nikafikiri wamenielewa. Mwanaume mumoja akapita mbele yangu na mupanga, akamukanyaga kijana shingo, akauliza watu: "Tuanzie mugongo ao kichwa?"

Walisikia ngozi ya mutu! Ile neno ya baba zangu, neno ya kumaliza kesi, njo ilikuwa inaenda kumuchuna mutu muzima. Nilipiga kelele: "Ya ngombe! Ngozi ya ngombe!" Wakacheka. Mwengine alikuwa anamumwangia esansi ya pikipiki, amuchome. Nikajitupa juu ya yule kijana. Mupanga ulikuwa umekwisha kushuka.

Nilisikia mufupa wa bega unavunjika. Damu yangu ikamujaa kijana usoni. Mwenye mupanga kuona ni mama anatoka damu, akautupa chini, akakimbia, na wengine nyuma yake. Kijana akapasua shati yake nyeupe, akanifunga, akanibeba mpaka hospitali.

Aksanti sana, wamama wa likelemba. Mulinilimia, mulinipikia, muliniogesha kama mutoto muchanga. Hata mama ya yule kijana alikuja kunifulia nguo, na sikumufukuza.

Na siku nilitoka hospitali, kijana mwenyewe aliingia kwangu na ngozi ya ngombe begani. Alikuwa ameiomba kwa wachinjaji. Akaitandika chini, akapiga magoti. "Mama, ngombe yako alikufa," akasema. Tulilia pamoja.

Mawazo yangu njo haya. Musinifunge kamba kama mbuzi sababu tu sikujua. Mwenye kutaka makuta yetu aseme mbele ya watu, na Swahili yetu hii: "Huyu ngombe anaweza kufa, na akikufa nitawaonyesha ngozi." Mwenye kushindwa kusema hivi, huyo njo Leta imukataze.

Ile ngozi nimekuja nayo. Muipitishe, kila mutu aishike, kisha munyoshe mikono ya kupiga kura. Wangu utaishia hapa kwa bega, lakini muuhesabu.