Akodi ya Mwisho ya Wimbo wa Zihindula

Benchi letu liko Katindo, hapa Goma, kwenye kona ambapo pikipiki hupunguza mwendo kwa sababu ya jiwe la volkano lililoshinda nyundo zote. Ni ubao mmoja juu ya mawe mawili meusi, na mbele yake thermos za Mama Katungu, anayetia tangawizi kwenye kahawa bila kumuuliza mtu. Asubuhi hiyo walikuwapo Adalbert, tunayemwita Solo kwa kuwa alipiga gitaa la solo kwenye harusi za nusu ya mji, na Harelimana, tunayemwita Douane, aliyetoa mizigo ya watu forodhani Bunagana kwa miaka mingi. Mimi wananiita Arshivi, ghala la kumbukumbu, kwa sababu mtu akikosea jina la babu yake siwezi kumaliza kahawa yangu. Apolline, mtoto wa marehemu mdogo wangu, anasoma chuoni armoni ya jazi na muziki wa kisasa, yaani namna noti zinavyopangwa zilie pamoja. Mchana huo alikuwa apite mbele ya juri ya watahini na wimbo wa baba yangu, mzee Zihindula, aliouwekea akodi mpya, noti chache zinazopigwa kwa mpigo mmoja. Asipofaulu, atarudia mwaka. Nami nilikuwa bado sijampa ruhusa.

— Arshivi, mutoto anangoya jibu, akasema Solo. Unamukatalia nini?

— Muzee alitunga ule wimbo kule Vitshumbi na akodi tatu. Do, fa, sol. Ya nne hakuitia.

— Hakuitia kwa sababu gitaa yake ilikuwa na kamba ine.

— Tano. Ya sita ilikatika siku ya ubatizo wa dada yangu Léonie.

— Munaona huyu mutu? Hata kamba zilizokufa anazijua.

Douane akaweka kikombe chini, dalili kwamba anaanza kufundisha.

— Niwaelezee. Akodi ni muzigo. Ile ya kawaida iko na noti tatu, inapita mupaka mchana, kila mutu anaiona. Jazi inaongeza ya ine chini ya turubai. Ndiyo maana ikilia unasikia sawa vile mutu mwenye anaficha kitu.

— Na wakiongeza ya tano? akauliza Mama Katungu.

— Ya tano, hapo umeisha kuongea na chef wa mupaka.

Solo akatikisa kichwa.

— Douane, wewe unajua mizigo, haujui muziki. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Noti ya ine ni mugeni. Umupatie jembe alime, akodi inatajirika.

— Methali inasema siku, nikamwambia. Haisemi noti.

— Ku muziki, siku ni noti.

— Basi jazi ilianzia hapa hapa, akasema Douane, ambaye hapendi kupitwa. Ile gazi ya ziwa inasukuma chini, udongo unajongea, kamba inalegea kidogo. Mutu wa Goma anapiga do, inatoka kitu katikati ya noti ya do na ya si. Wageni wakasikia, wakakimbia nayo, wakaiandikia vitabu.

— Na Bukavu? Ziwa si ni moja? nikauliza.

— Bukavu wako juu ku milima. Ndiyo maana wanaimba sawasawa, lakini haichezeki.

Familia yetu ni ya upande wa Bukavu. Nilikunywa kahawa.

— Mimi naona ni kitunguu, akasema Mama Katungu. Sombe ya mama yangu, ile ya majani ya muhogo, kule Butembo haikukuwa na kitunguu. Nikatia, ikakuwa tamu sana. Mama akaonja, akaniuliza: na ile yangu iko wapi?

Swali hilo la mama yake ndilo nililokuwa nikiogopa.

Apolline alishuka kwenye pikipiki, gitaa mgongoni.

— Jambo, ba papa. Jambo, mama. Baba mukubwa, umeamua?

— Nisikilizishe kwanza.

Akakaa kwenye ukingo wa ubao, akapiga taratibu.

— Hapa babu anakaa ku do muda murefu. Mimi naingiza akodi ya la mineur. Ni ndugu yake: do na mi wako nazo wote wawili, noti moja tu ndiyo inabadirika.

Akaimba mstari wa baba yangu juu yake. Haukusogea hata kidogo. Kilichosogea ni sakafu chini yake.

— Sauti yake haukuigusa, nikasema.

— Ile ni ya babu. Mimi ninapanga viti tu.

— Basi endelea. Ruhusa unayo.

Solo akanipiga begani. Apolline hakusimama.

— Nimebakia na swali moja. Prof amesema mwisho ndiyo wanaangalia sana. Ile sauti ya mwisho kabisa inaangukia noti gani?

— Do, akasema Solo. Muziki yote inarudia nyumbani.

— Sol, akasema Douane. Niliisikia ku harusi ya jirani yetu Charline.

— Ulisikia bia, akasema Solo.

Wote wakanigeukia. Nikafungua mdomo. Najua baba aliutunga mvua ikinyesha, najua ni nani aliyeucheza kwanza na kwa kiatu kimoja. Noti ya mwisho haikuja. Wimbo huo ndio unaofunga karamu zetu zote, za harusi na za kuondoa matanga. Ukifika kwenye maneno «taa nimeiacha inawaka», kina mama wanapiga vigelegele, watu wanasimama, wanapeana mikono, viti vinaanza kupangwa. Tangu nikiwa mtoto ni hivyo.

— Baba mukubwa, uliisha kuusikia ukimalizika?

— Hapana.

— Na nyinyi?

Douane alisema kila mara huwa ameshafika mlangoni. Solo alikuwa akitafuta noti kwa mdomo uliofumbwa, haipati.

— Basi tuimbe sasa, akasema Apolline. Mpaka mwisho. Mutu asisimame.

Tukaimba. Solo alichukua sauti ya juu, Douane akaharibu ya chini, na mimi nikaimba kama nilivyofundishwa. Mstari baada ya mstari tulikwenda vizuri, macho yetu kwenye vidole vya mtoto. Tukafika kwenye taa. Mama Katungu akapiga kigelegele, thermos mkononi. Solo alikuwa ameshamshika mkono mpita njia asiyemjua, akimtakia safari njema. Vidole vya Apolline vilibaki kwenye sol septième, ile akodi inayosubiri do, akaiacha ilie mpaka ikaisha yenyewe.

— Nimepata, akasema. Nitaiacha hapo hapo. Muje mchana, mukae mbele, karibu na juri.

Akavaa gitaa lake mgongoni. Nilitaka kumwambia kwamba hatukumaliza, turudie, safari hii kwa utulivu. Ndipo nikaona nimesimama, mkono wangu uko ndani ya mkono wa Douane, tunaagana, na kahawa zetu bado zina moto.