Mama Mkwe Alikataa Kudungwa Bila Mimi

Sifa zimrudie Bwana, ndugu zangu wa hapa Tawa. Mnanijua mimi si mtu wa kutulia, hata mahubiri yakiwa marefu mnaniona nje kwa geti. Leo nitajaribu kusimama mahali pamoja.

Wakati wa korona roho yangu haikuwa na breki. Mama mkwe wangu anaishi Kalamba peke yake, ana sukari na presha. Majirani zake wawili walikuwa wamezikwa haraka haraka, bila watu, bila chakula. Kila asubuhi mke wangu Ndunge alimpigia simu, si kwa salamu, ni kusikia kama anakohoa. Akamsihi aende achanjwe. Mama akakataa kabisa.

Halafu akatuma jibu: "Mwambie mume wako aende kwanza. Mbuzi wake wote wamedungwa, yeye anaogopa nini?"

Ndugu zangu, niliogopa! Nilikuwa nimeona zile video za simu, eti ukidungwa miaka miwili umekwisha, eti ni alama ya mnyama. Wiki hiyo sikushika kazi. Naenda shamba, narudi. Naenda sokoni, sinunui kitu. Nikaomba, "Bwana, mwondolee mama ukaidi." Bwana hakumgusa mama, alinigusa mimi. Nilijua huyu mama akifa, sitaweza kumwangalia Ndunge machoni.

Tukaenda dispensari ya Kalamba. Laini ndefu. Nikatoka mara ya kwanza, eti napiga simu. Nikatoka tena, eti natafuta maji. Mama mkwe alikuwa kwa benchi, amenipa mgongo, kwa sababu mnajua nthoni yetu: mkwe na mama mkwe hawasalimiani kwa mkono wala hawaketi karibu. Sasa nesi ananiambia nivue shati, kwa sababu mikono ya shati imebana, haipandi. Mbele ya mama mkwe! Nikageuka niende zangu. Ndunge akafungua leso yake, akaishika juu kama pazia, nami nikavua nyuma yake.

Nikasikia mama akiuliza, "Ameshalia?"

Ndunge akasema, "Bado."

Watu wote wakacheka, hata nesi. Nilipomaliza kuvaa, mama alikuwa ameshapandisha mkono wa sweta.

Baadaye ugonjwa ulimpata kweli. Alilazwa, tukafunga na kuomba, na akarudi nyumbani akitembea mwenyewe. Msiniulize ni sindano ama ni maombi. Mimi namshukuru Bwana kwa zote mbili, na kwa kunifungua kutoka kwa woga uliokuwa unanizungusha kama punda wa maji.

Jumatano manesi wanakuja tena na chanjo hapa nje ya kanisa. Redio ilitangaza mwaka mzima na haikunisogeza. Chifu alikuja na kipaza sauti, nikapitia nyuma ya nyumba. Kilichonipeleka ni mama mmoja aliyesema nikienda, ataenda. Kwa hivyo wewe unayezunguka zunguka kama mimi, mtegemee Bwana na uingie kwa laini. Kwako nyumbani kuna mtu ambaye hajasema neno, lakini anaangalia kama utaenda.