Mwaka Tuliomficha Mwende

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mimi ni Mutua, mdogo wake Mwende, yule kijana anayekaa nyuma karibu na spika. Wengi wenu hamjawahi kusikia sauti yangu. Mchungaji ameniruhusu nisome kwenye karatasi, kwa sababu nikisimama mbele ya watu maneno hunikimbia. Nimeandika polepole, na shule yangu iliishia darasa la nane. Mnivumilie.

Nilisoma shule ya serikali hapa Dagoretti. Hatukulipa karo. Mama alininunulia sare nikaingia, basi. Nilifikiri shule zote huwa hivyo. Nilipomaliza, dada yangu Mwende alikuwa kidato cha pili, na mama, ambaye hufua nguo za watu kule Loresho, hakuweza kubeba wawili. Shule ya upili nayo ilisemekana ni bure, lakini kila muhula ulikuja na mambo yake: chakula, sare, ujenzi, mitihani. Mwende alikuwa na kichwa kuliko mimi. Nikaenda kichinjioni, nikaanza kuosha matumbo. Sikumlaumu mtu. Nilisema, akipita yeye, tumepita sote.

Na alipita, ndugu zangu! Aliitwa chuo kikuu cha umma asomee ualimu. Mnaikumbuka ile harambee ya kumchangia ada. Ilikuwa hapa hapa. Kwaya iliimba, na Mama Kioko alileta jogoo wake akanadiwa mara tatu, kila anayemnunua anamrudisha anadiwe tena. Tangu siku hiyo Mwende hakuwa mtoto wa mama yangu peke yake. Kila Jumapili mtu alimshika mama mkono mlangoni na kumuuliza, "Mtoto wetu anaendelea aje?" Mama alijibu kichwa kikiwa juu, "Anaendelea vizuri kabisa, Mungu ni mwema."

Mwaka wa kwanza ulipita. Wa pili ukapita kwa taabu. Mwaka wa tatu ada ikapanda. Mkopo wa serikali ulichelewa, na ulipofika haukutosha, na mwanafunzi asiyemaliza ada hakuingia kwenye mtihani. Mama alimweleza yule mwajiri wake wa Loresho. Mwajiri alishangaa sana. "Kwani chuo cha serikali si bure?" Mama alirudi nyumbani akanisimulia maneno hayo huku akicheka, kisha akaacha kucheka, akaketi kitandani bila kuvua viatu.

Mwende alirudi wiki ya mitihani akiwa na begi moja.

Nilisema kwa sauti ndogo kwamba twende kanisani tuwaambie. Mama alinigeukia. "Tuwaambie nini, Mutua? Watu walitoa hadi kuku! Uende uwaambie ati imeisha?"

Ndugu zangu, mnajua desturi yetu. Harambee ya mtoto hufanywa mara moja. Mtoto akishatumwa, ametumwa. Kurudi mara ya pili ni kama kusema mlichotupa tulikila. Basi tukaamua kunyamaza. Tukasema Mwende yuko chuo. Na kwa kuwa mngeuliza, tukaacha kuja. Jumapili tulibaki ndani, redio chini, mama akituombea sauti ikiwa ya chini vilevile, kana kwamba hata Mungu asingepaswa kujua tuko nyumbani.

Mwende alipata kazi kwenye duka la uchapishaji River Road. Alikuwa akifunga vitabu vya utafiti vya wanafunzi wanaomaliza chuo, vile vya jalada gumu na maandishi ya dhahabu. Kila asubuhi alitoka na begi lake la chuo mgongoni, majirani wamwone wadhani sasa anasoma akitokea nyumbani.

Siku moja nilimpelekea chakula cha mchana. Nilimkuta amefungua kitabu kimoja, anasoma akiwa amesimama. Kijana mwenzake wa dukani akamtania, "Wee mwalimu! Hiyo ni ya kufunga, si ya kusahihisha!" Wote wakacheka, na Mwende pia akacheka. Tulipotoka nje aliniambia, "Huyo mwenye kitabu tulikuwa tunalala chumba kimoja. Kila jioni alikuwa anakuja kuniomba chumvi." Alikula nusu, nusu akanirudishia.

Nilienda kazini siku hiyo na moyo mzito sana. Nilimwambia Mungu, "Bwana, mimi si msemaji, lakini nimechoka kunyamaza." Hiyo ndiyo sala yangu yote.

Naye akanisikia, ndugu zangu! Haukupita muda mrefu, Mama Kioko akaja kichinjioni kununua matumbo. Alikuwa ameanza kuuza supu.

"Wee Mutua! Kwani mlitukimbia? Na haya matumbo umeyaosha ama umeyaonyesha maji tu?"

"Nimeyaosha, mama."

"Haya. Na mtoto wetu anaendelea aje?"

Jibu nilikuwa nalo tayari, lile lile la siku zote. Halikutoka. Nilisema, "Hayuko chuo, mama. Alitoka mwaka jana. Ilikuwa ni ada."

Nilingoja anikumbushe jogoo wake. Aliweka ndoo chini. "Hata Kioko wangu alitoka chuo," akasema. "Amekaa kwa nyumba tangu Krismasi. Watu nimewaambia ati ameenda kufunzwa kazi Mombasa. Huwa namwambia asitoke nje mchana."

Nilianza kulia hapo mbele ya wachinjaji, mimi ambaye hata kusalimia huona haya. Mmoja wao akapaza sauti, "Mama, umemfanyia nini kijana wetu? Bei imekuwa mbaya?" Mama Kioko akamjibu, "Nyamaza, wewe, kuna kazi ya Mungu hapa!"

Jumapili iliyofuata tulikuja. Mchungaji akaita wanafunzi wa vyuo vikuu watoke mbele waombewe, kama kawaida. Mama Kioko akasimama pale alipo akasema, "Mchungaji, wangu hayuko chuo. Nilidanganya." Mama yangu akasimama. Baba mmoja wa upande wa wanaume akasimama. Mliona wenyewe jinsi watu walivyoendelea kusimama, mmoja baada ya mwingine. Wote tulikuwa tumefichana! Siku hiyo Bwana alitufungua kifungo cha aibu. Mama alilala usingizi ambao sikuwa nimemwona akilala tangu Mwende arudi.

Ningependa ushuhuda wangu uishie hapo. Hauishii hapo.

Baada ya ibada dada mmoja wa kanisa hili, ambaye hufanya kazi ofisini katika chuo kingine, alimwita Mwende kando. "Uliomba ruhusa ya kuahirisha masomo?" Mwende akasema, "Kwani inaombwa?" Yule dada akamshika bega. Alitueleza kwamba mwanafunzi aliyekwama akiomba mapema huwekewa nafasi yake mpaka apate ada. Mwende hakuomba. Alitoweka tu, kama sisi tulivyotoweka hapa. Tulikimbia hadi chuoni. Tukaambiwa muda umepita. Akitaka kusoma, aanze tena mwaka wa kwanza, kwa ada ya sasa.

Miaka miwili ya dada yangu imekwenda, na harambee yenu imekwenda nayo. Na yule dada alikuwa hapa kila Jumapili, benchi mbili mbele ya mahali tulipokuwa tukikaa. Hilo ndilo linaloniuma. Tulimkimbia mtu aliyekuwa na jibu.

Mzee mmoja aliniambia juzi kwamba vyuo vya umma vikiwa bila ada watoto hawatavithamini. Namheshimu mzee wangu. Lakini mimi nilipewa madarasa manane bila karo, na kila herufi ninayowasomea sasa inatoka huko. Nazithamini zote. Sijui serikali hupanga vipi mambo yake. Ninachojua ni kwamba Mwende hakuanguka mtihani wowote. Ninaomba, na ninyi mniungie mkono kuomba na kusema, chuo cha umma kimpokee mtoto kama darasa la kwanza lilivyonipokea mimi.

Mwende hajaamua. Nikimuuliza husema, "Acha kwanza, Mutua." Namwacha. Lakini begi la chuo halibebi tena, na akiulizwa husema ukweli. Kwa hilo namshukuru Mungu kwa moyo wangu wote, hata kama moyo huo bado unalia.

Ndugu zangu, kama mtoto wako yuko nyumbani na umesema yuko chuo, mtumaini Bwana leo, umwambie mtu mmoja kabla hujafika kwako. Mwambie mchungaji, mwambie uliyekaa naye. Ukikosa mtu, njoo kwangu kichinjioni. Mimi si msemaji, nitakusikiliza. Mungu atufungue vinywa kabla mlango wa mtoto mwingine haujafungwa. Amina.