Mlenda Tuliouogopa Duarani

Mwangaluka, ndugu zangu, na jina la Bwana lisifiwe! Mimi ni Baba Kulwa, mchimbaji mdogo huku Bulyanhulu. Leo nimekuja kanisani kwa miguu yangu. Kuna Jumapili nililetwa na bodaboda hadi mlangoni, viatu nimevishika mkononi.

Duarani kwetu, yaani kwenye mashimo yetu ya dhahabu, anayeshuka chini hagusi mlenda. Tunasema unateleza, na bahati itateleza nao. Basi mimi ilikuwa supu ya utumbo, maini, na bia juu yake. Kidole gumba cha mguu kikavimba, hata shuka likikigusa nalia. Nikasema nimerogwa. Vidonge vya maumivu nikawa navitafuna kama karanga.

Hospitali daktari akaniambia ni jongo: asidi ya yuriki imejaa kwenye damu, figo zimechoka, na vile vidonge vinazidi kuziumiza. Nikiendelea hivyo, nitafika kusafishwa damu kwa mashine. Ndugu zangu, niliogopa kuliko siku kifusi kilipotufungia chini.

"Mlenda mnakula?" akauliza.

Mke wangu Mama Kulwa, aliyenisindikiza, akadakia, "Sisi tunakula. Mwenzetu anaogopa dhahabu itamkimbia."

Daktari hakucheka. Akasema ule ute ni sukari ndefu za mimea, si kama ya chai, na watafiti wanachunguza kama zinasaidia kupunguza ile asidi. "Bado hatuna uhakika, Baba Kulwa, kwa hiyo dawa zangu utameza. Ila mlenda ukikaa mahali pa maini, figo zitashukuru."

Tonge la kwanza lilinishinda, nikaona naaga riziki yangu. Nikaomba, "Bwana, kama riziki yangu imeshikwa na mboga, wewe una kazi gani?" Nikala. Wenzangu waliposikia wakanikataza kushuka, nikabaki juu naponda mawe. Watoto hawajalala njaa.

Juzi majibu yametoka. Asidi imeshuka, figo zimetulia, mashine sihitaji. Mama Kulwa alilia pale pale kwenye benchi, na mimi nikalia.

Namshukuru Mungu. Nanyi wachimbaji wenzangu mliokaa nyuma, nawaona mnavyokunja miguu. Mwaminini Bwana, nendeni mkapime, mwambieni daktari kila mnachomeza. Mama Kulwa ni mjamzito, amekaribia kujifungua, na mtoto huyo nitambeba nikiwa nimesimama.