Bugali Uliosimama Kifuani

Bamama, babaa, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma, amani ya Mungu ikae nanyi. Nimeombwa nisimame, nami nimesimama. Wengine wakishuhudia hapa hulia, nanyi hulia pamoja nao. Mimi huenda nisilie. Msidhani nimewadharau. Machozi yangu yalikauka wakati wa ugonjwa, na mpaka leo hayajarudi vizuri.

Wengi mnanijua. Nilizaliwa Lweba, nikaolewa hapa Baraka. Napika nyuma ya soko, kwenye kibanda cha chakula, malewa kama tunavyoita. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, ndagala, hao dagaa wetu, na samaki wa mikeke siku ziwa likitoa. Wateja wangu ni wapakizi wa mizigo na watu wanaopanda kwenda Fizi. Na hapa kwetu, ndugu zangu, mnajua jinsi sumu inavyoogopwa. Mpishi akikuletea sahani, aonje mbele yako. Mimi sikuishia kuonja. Nilikaa nao, nikala nikashiba, tukacheka.

Ilianza mchana mmoja. Tonge la bugali lilishuka likafika hapa, katikati ya kifua, likasimama. Nikanywa maji ya baridi ili lishuke. Maji nayo yakasimama juu yake. Nikaenda nyuma ya kibanda, vyote vikarudi kama vilivyoingia, bila hata uchungu wa nyongo. Nikasema nimekula haraka. Lakini kesho yake ikawa vile vile, na wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Nikilala chali, chakula kinapanda mpaka kwenye mto, naamka nakohoa. Nilipewa vidonge vya tumbo, nikavimeza, navyo vikakaa palepale kifuani. Kikwembe cha kiunoni nilichokuwa nakifunga mara moja kikawa kinanizunguka mara mbili.

Watu wakasema nimekula karuho, hiyo sumu yetu inayomaliza mtu pole pole. Dada yangu mkubwa akanipeleka kwa mtu wa dawa za miti, kwenye njia ya Lulimba. Yule mtu akaninywesha maji ya mizizi machungu mpaka nikatapika. Ilitoka sombe ya jana yake, ingali kijani. Akaichokora kwa kijiti, akasema nyuzi za yale majani ndiyo karuho yenyewe, na aliyeniwekea ni mtu anayeingia jikoni mwangu.

Jikoni mwangu anaingia mtu mmoja tu. Ni mama aliyekuwa ananioshea sufuria, mkimbizi wa Burundi. Alifika kambi ya Lusenda kwanza, kisha akapata chumba hapa mjini. Njiani tukirudi dada akaniambia, "Ule mwanamuke njo anakuua. Umufukuze leo."

Nikaitika. Asubuhi yule mama akaja, nikampa sufuria akaosha. Ndugu zangu, msinisifu kwa hilo. Haikuwa imani wala upendo. Sikuwa na nguvu hata ya kumchukia mtu. Wakati ule kifo hakikunitisha, na uzima sikuutamani. Nilikuja hapa kanisani, mkasimama nikasimama, mkakaa nikakaa. Mlinishika mkono mkaniuliza habari, nikajibu nzuri. Hata harufu ya samaki kwenye mafuta haikuniambia kitu.

Nikaacha kukaa na wateja. Nilijificha nyuma nikinywa uji wa moto, maana uji ulikuwa unapita, siyo wote, lakini unapita. Wateja wakaona. Neno likaanza kutembea sokoni: yule mpishi hali chakula chake. Aliyekuwa anasemwa kuwa amewekewa sumu, sasa akawa yeye ndiye mwenye kuweka. Na mimi nilisikia, nikaendelea kumenya vitunguu.

Siku moja saa ya kula, mpakizi mmoja, mteja wangu wa zamani, akasukuma sahani mbele yangu. Hakuwa na hasira. Aliongea kwa heshima.

"Mama, kula kwanza. Utusamehe, lakini kula."

Nikakata tonge, nikachovya kwenye sombe, nikameza. Nililisikia likishuka, likisimama. Nilijaribu kubaki nimekaa. Ikashindikana, nikakimbilia nyuma, na wote wakasikia nikitapika.

Niliporudi walikuwa wanainuka, mmoja mmoja, bila kelele. Hapo ndipo yule mama wa sufuria alipotoka jikoni na mikono yenye majivu. Akanawa. Akakaa mahali pangu, akavuta ile sahani niliyoiacha, tonge langu limekatwa pembeni. Kumbukeni ni nani huyu. Ni yule aliyesemwa kwamba ananiua. Alijua anavyosemwa, hakuna asiyejua mambo yake katika soko lile.

Akasema, "Mimi nakula. Muniangalie."

Akala bugali wote, akala sombe, akapangusa sahani kwa kidole. Wengine waliondoka hata hivyo. Yule mpakizi alikaa chini akaomba sahani nyingine.

Baadaye, tukiwa wawili, yule mama akaniambia, "Sumu haichagui, mama. Wewe uji wa moto unapita, maji ya baridi yanakataa. Hiyo siyo sumu. Twende kwa wale wenye mashine, waangalie ndani."

Ninyi bamama mlitusaidia safari, naye akanisindikiza mpaka Bukavu. Hospitalini nikanyweshwa maji mazito meupe kama chokaa, wakanipiga picha yanaposhuka. Daktari akanionyesha. Njia ya chakula juu imevimba kama mfuko, chini imebanwa ikawa nyembamba kama ncha ya mdomo wa ndege. Akasema mlango wa chini, ule wa kuingilia tumboni, haufunguki tena unapomeza. Ugonjwa unaitwa akalazi.

Nikamwuliza, "Nani aliniwekea?"

Akasema, "Hakuna mutu, mama. Ni mishipa tu imechoka."

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilitazama ile picha tu. Yule mama ndiye aliyelia. Alilia sana, na ndipo nikaelewa ni mzigo gani alikuwa anabeba kila siku akija kunioshea sufuria.

Wakaingiza kiputo kupitia kooni, wakakijaza hewa, wakapanua ule mlango. Daktari hakunidanganya. Alisema ugonjwa unabaki, mlango unaweza kubana tena, na nikiona dalili nirudi. Nilimwuliza habari za tangawizi, asali na majani tunayochemsha. Akasema kinywaji cha uvuguvugu kinasaidia kusukuma chakula, lakini hakuna jani linalofungua ule mlango, na ile mizizi ya kutapisha niiache kabisa, inaweza kunipasua.

Basi hivi ndivyo ninavyoishi. Bugali naupika laini. Ndagala nazitwanga kwanza. Nakula kidogo kidogo, nimekaa wima, natafuna mpaka watu wachoke kunitazama, na kikombe cha maji ya moto kiko karibu. Jua likizama sili tena. Kitanda changu kimeinuliwa kwa matofali upande wa kichwa. Kikwembe kimerudi kufungwa mara moja. Mnaniambia nifurahi. Nasubiri. Juzi nilisikia harufu ya mikeke, nikatamani kula. Hiyo tu, lakini nimeona niwaambie.

Nawashukuru ninyi, namshukuru daktari, na dada yangu pia, maana alihangaika kwa kadiri alivyojua. Yule mama ameniomba nisimtaje jina. Yuko huko nyuma jikoni sasa hivi, anawapikia.

Nawaambia neno moja. Mtu wenu akishindwa kumeza, msianze kutafuta mkono uliomwekea. Mpelekeni akapimwe. Na mkisikia fulani anaua watu kwa chakula, kabla hamjalipeleka hilo neno mbele, nendeni mkale kwake.

Tukimaliza hapa chakula kitaletwa. Msinisubiri, kuleni mpaka mshibe, mnawe mikono. Mtanikuta bado natafuna. Naomba mmoja wenu tu asiinuke, abaki amekaa nami mpaka nimalize.