Marehemu Taratibu na Baiskeli ya Watu Wawili

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia imemteua mdogo wake marehemu asome maisha ya kaka yake, naye amekubali kwa sharti moja, kwamba asionekane hana adabu pale atakapocheka, kwa sababu anayesomewa leo hakuwahi kumaliza hadithi bila kucheka mwenyewe kabla ya wasikilizaji wake.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Taratibu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa fundi viatu na mshonaji, katika nyumba ya kona ya mtaa wa kale, pale njia ya wafua shaba inapoingia kwenye uwanja wa kisima, chumba cha juu chenye roshani ya mbao, chini kukiwa na karakana ya baba iliyonuka gundi na ngozi mchana kutwa. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alianza kusema kabla ya kutembea, na kwamba akiwekwa pale roshani aliwatangazia wapita njia habari zote za ndani, nani amelala, nani amenuna, na jikoni kimeungua nini, hadi baba akaamuru mlango wa roshani uwe unafungwa kila wanapokuja wageni.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1958, shule ile iliyo nyuma ya kiwanda cha uchapaji, akamaliza mwaka 1964, na katika miaka hiyo yote sifa yake kubwa ilikuwa kuchelewa. Kutoka nyumbani hadi darasani ni pua na mdomo, lakini yeye kila asubuhi alipita kichochoro kingine, na mwalimu alipomuuliza amepitia wapi, alimjibu kwa marefu na mapana, ukuta upi umepata ufa, fundi yupi amefungua duka, bibi yupi amehamia kwa binti yake na kwa nini, mpaka siku moja mwalimu akajikuta ameketi anasikiliza, na kengele ikalia somo la hesabu halijaanza. Aliingia sekondari mwaka 1965, akaiacha mwishoni mwa 1966, baba alipopooza mkono wa kulia, na hilo hakulilalamikia hata siku moja, japo mdogo wake, aliyesoma hadi mwisho kwa jasho la kaka huyo, anataka lisikike hapa leo mbele ya watu, na anasema asante.

Mwaka 1967 alijifunza ufundi wa baiskeli kwa mzee mmoja wa uwanja wa kisima, na tarehe 1 Agosti 1971 akafungua karakana yake mwenyewe, akitengeneza na kukodisha baiskeli, na kazi ya kuongoza wageni ilimwangukia tu, kwani mwaka 1974 mgeni mmoja alikodi baiskeli asubuhi, akapotelea vichochoroni hadi alasiri, na marehemu akatoka kwenda kuitafuta baiskeli, maana ndivyo alivyosema siku zote, kwamba aliyetafutwa si mgeni. Aliwakuta wote wawili salama karibu na kiwanda cha uchapaji, na katika kurudi akamweleza mgeni kila mlango waliopita, na siku ya pili yule mgeni akaja na wenzake wanne. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka arobaini, msafara wa baiskeli ulitoka uwanja wa kisima kila asubuhi, ukapita kwa wachapaji, ukazunguka soko la vitambaa, ukaingia kichochoro chembamba, ukaishia mbele ya nyumba ya kona, ambayo familia ilikuwa imeihama mwaka 1969, lakini yeye aliitaja kila siku kwa upole uleule, roshani yake, madirisha yake, na sauti ya nyundo ya baba. Wageni wenye haraka aliwaambia, "Taratibu jamani, mtaa hauhami," na hivyo ndivyo jina lilivyompata.

Alikuwa na kanuni moja isiyovunjwa, kwamba kichochoro chembamba hakipitwi juu ya baiskeli, kwa kuwa mle watu wanaishi mlango wazi, mtoto anaogeshwa kizingitini, mgonjwa ameketi kwenye kiti chake, na si heshima kuwapita watu huku umewakalia juu kama mkaguzi, kwa hiyo mdomoni mwa kichochoro alisimama na kupaza sauti, "Shuka! Shuka!" na wote wakashuka na kusukuma. Sasa mwaka 1976 dada mmoja mpiga chapa alikuwa amehamia ghorofani pale pale, kitanda anacho, matandiko hana, na kila asubuhi akisikia mtu ananadi shuka chini ya dirisha lake, mpaka siku moja akateremka mbio na kumfokea, "Wewe kaka, kila siku shuka, shuka, mbona huzionyeshi?" Marehemu, ambaye angeweza kumweleza ukweli kwa maneno mawili, alimtazama, akamuuliza, "Za kitanda cha futi ngapi, dada?" na kesho yake akamletea jozi nyeupe, na wiki iliyofuata jozi ya maua, na mambo yakaendelea hivyo hadi yule dada alipokuwa na kitanda kimoja na shuka za kutosha hoteli, ndipo alipochungulia dirishani, akaona watu wanashuka kwenye baiskeli, akaelewa, akacheka hadi majirani wakatoka.

Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976, wakaenda na kurudi kwa miguu, kwa sababu bibi harusi aliwahi kugongwa na baiskeli akiwa mtoto, alama anayo kidevuni hadi leo, na aliapa hatapanda chombo hicho, si mbele wala kwenye keria, na fundi baiskeli huyo akaishi na mke asiyegusa baiskeli kwa miaka thelathini na mitano, akimtania kwamba yeye ni mchinjaji aliyeoa mla mboga za majani. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mkubwa mwaka 1978, ambaye ni mwalimu, mtoto wa kiume mwaka 1981, aliyerithi karakana, na kitinda mimba mwaka 1986, ambaye ni dereva wa basi, na aliyerithi mdomo wa baba yake wote, kama abiria wake watakavyothibitisha.

Mwaka 2009 marehemu alianza kugonga kuta alizozijua tangu utotoni, akasingizia kuta, na alipokubali kwenda hospitali daktari akamwambia kwamba ni presha ya macho, na kwamba wamechelewa, na ilipofika Juni 2011 akawa haoni kabisa. Familia iseme kweli, upofu wenyewe haukututisha kama kilichofuata, maana marehemu alinyamaza. Mtu aliyeongea tangu roshani alikaa karakanani tangu asubuhi hadi jioni, mikono magotini, akiulizwa anajibu ndiyo au hapana, chakula anakionja tu, na mwanawe aliyeupokea msafara aliijua njia lakini hakuyajua maneno, akawa anawaonyesha wageni mtaa kama mtu anayewaonyesha stoo. Tulijua tunampoteza, na hakuna aliyekuwa na dawa.

Hapo ndipo mkewe, akiwa na miaka hamsini na sita, alipomwendea mwanawe na kumwambia neno moja, "Nifundishe." Alifundishwa kwenye uwanja wa shule, Jumapili kwa Jumapili, akaanguka, akainuka, akaanguka tena mbele ya watoto waliomshangilia, akarudi nyumbani na goti limefungwa kitambaa, na mume alipousikia mwendo wake akauliza kulikoni, akaambiwa ni ngazi, naye akasema ngazi za nyumba hii siku hizi zina meno. Kijana alichomelea baiskeli mbili zikawa moja, viti viwili, pedali mbili, usukani mmoja wa kweli mbele, na nyuma wa kujishikilia tu, na tarehe 14 Aprili 2012 mama alimshika mume wake mkono, akamkalisha kiti cha nyuma, akapanda cha mbele. Marehemu aliuliza, "Nani yuko mbele?" akajibiwa, "Ni mimi, baba watoto," na waliokuwepo wanasema machozi yalimtoka, kisha akasema, "Basi usiniue, mama watoto, nina wageni." Siku hiyo aliongea kutoka kisimani hadi nyumba ya kona bila kupumzika, na jioni akala sahani mbili, na tangu hapo kazi ikawa ya watu wawili, mama akitaja kona, yeye akitaja kilichomo.

Mwezi Mei 2016, baada ya mvua kubwa, ile nyumba ya kona ilipasuka ukuta, mafundi wakasema haifai kukaliwa, na mwenye nyumba akaibomoa ndani ya wiki moja, wakati marehemu yuko kitandani na homa. Mama watoto alikiona kiwanja kitupu, akaketi kando ya njia, akaikumbuka ile miezi ya ukimya, akasema moyoni kwamba habari hii ndiyo itakayomfunga mdomo mara ya pili. Alipita kwa wafua shaba, kwa muuza kahawa, kwa wauza vitambaa, akamwomba kila mmoja asimwambie, na mtaa mzima, watu ambao hata bei ya kahawa hawajawahi kukubaliana, ukakubaliana. Wageni nao walinong'onezwa mwanzoni mwa safari, wakifika pale watazame atakakoonyesha, na kwa miaka sita marehemu alinyoosha mkono kuelekea hewani, akaeleza roshani, akaeleza madirisha, na wageni wakainua nyuso wakatazama mawingu, wengine wakapangusa macho. Jambo moja tu lilimsumbua mama, kwamba kila mwaka nyumba hiyo iliongezeka dirisha, yale matatu ya kweli yakawa manne, yakawa matano, mwishowe yakawa tisa, akahofu kwamba kumbukumbu nazo zinamtoka mume wake, lakini hakuthubutu kumsahihisha.

Mwezi Julai mwaka huu wa 2022 moyo wa marehemu ulianza kuchoka, miguu ikavimba, akalazwa tarehe 11 Agosti, na familia ikamzunguka kwa zamu. Siku chache kabla ya mwisho, mkewe akiwa anamkanda miguu, alimuuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza saa, "Mama watoto, pale kwenye nyumba yetu, wamejenga nini?" Shemeji ametupa ruhusa tuyaseme haya, kwamba alilia, akaomba msamaha, akamuuliza nani amemwambia, naye akajibu kwamba hakuambiwa na mtu, alijua tangu siku ya kwanza alipopona homa, maana pale ndipo walipokuwa wakisimama kivulini, na siku hiyo jua lilimpiga usoni. Akasema alifungua mdomo kuuliza, akasikia nyundo za wafua shaba zimenyamaza zote kwa pamoja, akasikia na yeye mke wake ameacha kupumua, akajua wameshafanya kikao, akaona haifai kuwaangusha watu waliojitahidi hivyo, basi akaanza tu, "Tazameni roshani ile." Na yale madirisha, akasema, alikuwa akimtega, aone uongo huo utamshinda lini, "Nilikungoja mpaka la tisa, mama watoto, hujasema kitu." Muuguzi aliyekuwa zamu anasema aliingia mbio akidhani wanagombana, akawakuta wameshikana wanacheka.

Marehemu alifariki dunia Jumamosi tarehe 3 Septemba 2022, asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na mdogo wake.

Familia inawashukuru madaktari wa macho waliomwambia ukweli bila kumvunja moyo, na madaktari na wauguzi wa wadi ya moyo waliomhudumia kama baba yao, wakavumilia kuulizwa historia ya jengo la hospitali, inawashukuru waongoza wageni wenzake, ambao asubuhi ya leo wamekuja wote wakisukuma baiskeli zao, inawashukuru wageni waliokubali kutazama hewa, na inawashukuru majirani wa mtaa wa kale, wafua shaba, wauza vitambaa, na wewe muuza kahawa, ambaye kwa miaka sita ulishikilia siri moja, jambo ambalo hakuna anayekujua angeliamini. Mlimdanganya kwa upendo, na yeye akawadanganya nyinyi kwa upendo, na sisi tuliozaliwa katika nyumba ile tumeona kwamba haikukosa mtu wa kuitunza, hata ilipokuwa haipo.

Mwisho, wanafamilia wote wamekubaliana kwamba msomaji aikunje karatasi hii kabla hajalisema neno la mwisho, kwa kuwa linamhusu mtu mmoja, na ni vema aambiwe akitazamwa usoni. Shemeji, miaka kumi ulikaa mbele, ukiwa na hofu yako yote, na hukumwangusha hata mara moja. Ulimwendesha vizuri.

Nawe kaka, pumzika kwa amani, umefika.