Fundi Meno na Chumba cha Nyuma

Ijumaa tarehe 28 Juni, saa kumi alasiri, Fundi Meno atakabidhi funguo za chumba cha nyuma na kustaafu. Atakuwa ameitumikia karakana yetu ya injini za boti kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na tisa. Kwa muda wote huo amechelewa kazini mara moja tu, na siku hiyo alikuwa anatoka kuzika.

Jina lake limetokana na kazi. Shafti inayoshuka kutoka kwenye injini kuelekea kwenye propela ina meno madogo kichwani. Meno hayo huingia kwenye tundu lenye meno lililo kwenye ncha ya chini ya krankshafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni za injini. Yakilika, injini hunguruma vizuri kabisa na boti haisogei hata hatua moja. Injini mpya hununuliwa kipuri, mambo yakaisha. Zile kongwe, zenye umri wa miaka arobaini au hamsini, vipuri vyake havitengenezwi tena, na hizo zote zilikuwa zake. Shafti iliyolika ilijazwa chuma kwa kuchomelewa, kisha yeye akaikereza na kuchonga jino moja baada ya jingine. Krankshafti aliipanua tundu, akashindilia ndani yake bomba fupi nene alilolichonga meno mapya. Kitabu cha kazi kinaonyesha shafti 1,912 na krankshafti 407.

Wafanyakazi wengi wa sasa wanamjua kwa mgongo. Benchi lake linatazama ukuta na mlango wake hufungwa. Haikuwa hivyo mwanzoni. Waliomtangulia wanasema ndiye aliyekuwa mcheshi wa karakana nzima, na kwamba watu walikuwa wakiacha kazi zao ili wamsikilize.

Tarehe 3 Novemba ya mwaka wake wa tisa alikuwa anafunga injini ya boti ya zahanati huku akiwachekesha wenzake. Alipaka grisi hadi kwenye ncha ya shafti, badala ya kuipaka kwenye meno peke yake. Grisi ile ilibanwa ndani ya tundu, ikakosa pa kutokea, na shafti haikukaa mahali pake. Ulibaki uwazi mwembamba kama kucha. Akauziba kwa kukaza bolti, akaendelea na hadithi. Bolti ziliisukuma shafti juu, shafti ikaisukuma krankshafti, na kesho yake beringi ziliungua katikati ya maji. Mkunga na mama mwenye uchungu walielea kwa muda wa saa saba. Mtoto alizaliwa humo botini, na wote walifika salama.

Hakuna aliyemlaumu, maana fundi yeyote angeweza kufanya vile. Jumatatu iliyofuata yeye aligeuza benchi likatazama ukuta, akafunga mlango. Miaka ishirini na mitano imepita.

Mkewe alipofariki, miaka minane iliyopita, alirudi kazini siku ya tatu na kuingia chumbani moja kwa moja. Sisi tulisimama nje tukasema tumwache apumzike. Tulimwacha mno. Siku zile tulimsikia akizungumza humo ndani, tukafurahi tukidhani amepata mgeni. Alikuwa anaibembeleza injini: "Pole, bibi. Nani huyo aliyekunyima grisi?"

Mwezi Januari uongozi ulitangaza kwamba asipopatikana mtu wa kuiweza kazi ile kufikia Juni, chumba kitafungwa na injini kongwe zitapelekwa kwenye vyuma chakavu. Walijitokeza mafundi watatu. Wawili hawakumaliza siku. Wa tatu alirudishwa kabla ya saa nne asubuhi kwa kosa la kupiga mluzi.

Mchomeleaji wetu, Mama Cheche, alikuwa amempitishia shafti kwenye kidirisha cha ukutani kwa miaka kumi na moja, salamu moja asubuhi na moja jioni. Tarehe 6 Mei alimpitishia shafti ambayo tayari ilikuwa imechongwa meno. Alijifunza kwa kupima zile mbovu ambazo Fundi Meno alizitupa. Shafti ilirudi kidirishani na maandishi ya chaki: jino la nne nene. Akachonga nyingine. Ikarudi: la nne sasa jembamba. Waliendelea hivyo siku kumi na sita bila kuonana uso kwa uso.

Tarehe 22 Mei mlango ulifunguliwa. "Ingia, mama," alisema, "lakini usinichekeshe."

"Kwani wewe unajua kucheka, kaka? Nilidhani wameshakuchomelea mdomo."

Karakana nzima iliacha kazi. Fundi Meno aliweka spana chini, akaisogeza mbali kabisa na injini, ndipo akacheka. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kisha alinawa mikono, akaokota spana, na wakaendelea kimya.

Tarehe 11 Juni injini ya kwanza yenye meno ya Mama Cheche ilizungushwa kwenye tangi la maji kwa saa mbili. Ilipofunguliwa, meno yalikuwa hayajalika hata kidogo. Siku hiyohiyo uongozi uliamua chumba kibaki, na kuanzia tarehe 1 Julai ni cha Mama Cheche.

Fundi Meno anarudi kwenye nyumba ya vyumba viwili anakoishi peke yake. Binti yake yuko mbali na hupiga simu Jumapili. Hatuwezi kumrudishia miaka ile ya ukimya, na kusema tunaweza ni kumdanganya.

Asante, fundi wetu. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na haraka, na watu wa kuzungumza nao mpaka chai ipoe vikombeni.